Kabla ya kutuletea kaizen, tuambieni kwanza nani atabaki na kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua hii ni ndefu na wewe una mkasi, lakini nakuomba uukate pole pole. Nimekuwa nafuata habari za biashara kwenye gazeti lako na kila baada ya muda naona picha ileile, mabosi wamekaa kwenye ukumbi wa hoteli pale Kampala, chupa za maji mezani, vitambulisho vya kamba shingoni, na kichwa cha habari kinasema wenye viwanda wahimizwa kufuata kaizen ya Wajapani. Ukisoma ndani unaambiwa ni falsafa ya kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, kila mtu kuanzia mkurugenzi mpaka mfagiaji, na haihitaji pesa nyingi. Hapo kwenye pesa ndio nadhani makofi huwa yanapigwa.

Mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda huku upande wa Mukono. Kazi yangu ni grisi, beringi, mikanda na kelele. Sina ugomvi na kaizen, tena naipenda sana, nimeisoma kwa hamu kuwashinda wengi waliolipiwa semina. Ugomvi wangu ni kwamba inayotufikia huku chini ni nusu tu, ile nusu isiyomgharimu bosi kitu: kufagia, kupaka rangi, kubandika karatasi ukutani. Nusu ingine ambayo ni ahadi ya bosi kwa mfanyakazi imebaki hotelini. Na bila hiyo ya pili, hiyo ya kwanza haifanyi kazi, haijawahi kufanya kazi hata huko Japani, na hilo ndilo nataka kulieleza.

Simama pale Old Taxi Park uangalie. Karibu kila taksi ni Toyota Hiace, hizi za juzijuzi tunaziita drone, zimekuja zikiwa zimeshatumika na bado zinameza mashimo yetu na magunia ya watu kila siku ya Mungu. Spea za Toyota tunazijua hata gizani. Lakini akili iliyotengeneza hilo gari haikuanzia kwenye gari, ilianzia kwenye nguo, na wazee wa Jinja wanaokumbuka enzi za NYTIL, kile kiwanda chetu cha nguo, wangeielewa haraka. Sakichi Toyoda alikuwa mtu wa mashine za kufuma vitambaa. Mwaka 1924 yeye na mtoto wake Kiichiro walikamilisha mashine ambayo uzi ukikatika inasimama yenyewe. Zamani ilibidi mtu akae anakodolea macho nyuzi kutwa nzima, kwa sababu uzi ukikatika bila kuonekana kitambaa kinaendelea kutoka kibovu mita kwa mita mpaka mtu agundue. Mashine ikijisimamisha, kibovu hakitoki na mtu mmoja anaweza kuangalia mashine nyingi. Mwaka 1929 Platt Brothers wa Uingereza, kampuni iliyokuwa inauzia dunia mashine za nguo, wakanunua haki ya kuitengeneza kutoka kwa Mjapani. Mambo hugeuka.

Basi mzizi ni huo, kitu kikiharibika simama, usifiche, usisukume mbele ukasema watu wa kesho watajua. Walipohamia kwenye magari wakampa binadamu haki ileile waliyoipa mashine. Juu ya laini, ule mstari wa kuunganishia magari, wakaweka kamba, mfanyakazi yeyote akiona kitu hakijakaa sawa anaivuta, taa inawaka, kiongozi wa timu anakuja mbio, wakishindwa kukirekebisha kwa muda uliopangwa laini inasimama. Kijana aliyeajiriwa juzi anaweza kusimamisha kazi ya mamia ya watu na wa kwanza kufika anamuuliza nikusaidie nini. Sasa nyie wenzangu wa viwandani, kuanzia Namanve mpaka Njeru, hebu niambieni nani kwenu anaweza kusimamisha laini saa nane mchana, siku lori la Juba linasubiri getini, na jioni akarudi nyumbani bado ana kazi. Mimi nimeona mtu anafunga mifuko iliyokosewa kipimo, anajua imekosewa, mimi najua, supavaiza anajua, na sote tunaangalia pembeni maana lori liko hapo.

Watu wa semina hawapendi kusimulia mwaka 1950. Toyota ilikuwa karibu kufa. Madeni, magari hayauziki, mishahara inachelewa, benki wakasema punguzeni watu. Wafanyakazi wakagoma wiki nyingi, na mgomo ulipoisha zaidi ya watu 1,500 walikuwa wameondoka. Lakini Kiichiro Toyoda mwenyewe, mwenye jina lililoko kwenye kiwanda, naye akajiuzulu urais wa kampuni pamoja na wakubwa wenzake. Fikiria hilo, Mhariri. Mwenye mali anaondoka pamoja na waliofukuzwa. Baada ya hapo kampuni ikajenga utaratibu wa kutofukuza watu wake wa kudumu ovyo, maelewano na chama cha wafanyakazi yakachukua miaka, na mwaka 1962 pande mbili zikatia saini tamko la pamoja kwamba watashirikiana.

Ni baada ya kidonda hicho ndipo mwaka 1951 Toyota wakaanzisha mpango wa kupokea mawazo ya wafanyakazi. Na huo mpango hawakuutoa mbinguni, Eiji Toyoda na Shoichi Saito, wakubwa wa kampuni, walikwenda Marekani mwaka 1950 kuangalia kiwanda cha Ford, wakakuta Ford wanapokea maoni ya wafanyakazi, wakarudi nalo wazo wakalifanya kwao. Mwaka huohuo Deming, Mmarekani wa takwimu, alialikwa Japani kufundisha jinsi ya kudhibiti ubora, na Wajapani wakamheshimu kiasi cha kuanzisha tuzo yenye jina lake mwaka 1951 wakati kwao Marekani wakubwa wa viwanda hawakuwa na muda naye. Hata ile ya kuleta vipuri pale tu vinapohitajika, Taiichi Ohno, mkuu wa uzalishaji wa Toyota, alisema wazo alilipata kwa jinsi supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu, mteja akichukua ndio nafasi inajazwa. Kwa hiyo mtu akiniambia hizi ni tabia za Wajapani, ziko kwenye damu, sisi hatuwezi, huwa nacheka. Waliazima kila mahali. Walichoweka wao ni uvumilivu na mapatano na watu wao.

Sasa niwape ya kwetu. Kiwanda sikitaji, na wala si kimoja tu, ukiongea na mafundi wenzangu kila mmoja ana ya kwake.

Bosi alirudi semina. Wiki iliyofuata tukapaka mistari ya njano sakafuni, kila jembe na fagio likachorewa kivuli chake ukutani, tukapewa fulana zenye maandishi ya Kiingereza mgongoni, na karibu na geti likawekwa sanduku la maoni lenye kufuli. Ukweli usemwe, mwanzo ilisaidia. Spana tuliokuwa tunaitafuta nusu ya shifti sasa ilikuwa mahali pake. Watu walifurahi, mzee wa stoo alikuwa anaonyesha wageni rafu zake kama mtu anayeonyesha wajukuu.

Alafu kuna kijana mmoja wa upande wa kupakia, mtu mtulivu, mtoto wa Bugisu, akaleta wazo. Maboksi yalikuwa yanatoka kwenye meza ya kufungia, yanabebwa kwa kichwa kupitia nje, mvua ikinyesha yanangoja, yanazungushwa mpaka mlango wa nyuma wa stoo. Yeye akasema ile meza ihamishwe ikae ukutani, ukuta utobolewe dirisha, yawekwe mabomba ya kuteleza, boksi liingie stoo lenyewe. Mimi ndiye niliyechomelea hayo mabomba, yalikuwa mabaki ya chuma tu, gharama karibu bure. Ikafanya kazi vizuri ajabu. Maboksi hayalowi, hayadondoki, mtu hatembei. Bosi akaja akapiga picha, akampa kijana mkono na bahasha mbele ya watu.

Jumatatu iliyofuata wale waliokuwa wanabeba maboksi wakakuta majina yao hayapo getini. Walikuwa wa lejaleja, hawana mkataba, askari wa geti ndiye aliyewaambia. Mmoja wao alikuwa anakaa nyumba moja ya kupanga na huyo kijana.

Banange. Niambie wewe unayesoma, nani tena angetia karatasi kwenye lile sanduku? Kuanzia siku hiyo likawa kimya. Bosi anauliza mbona hamtoi mawazo, watu wanaangalia viatu. Mawazo yapo, yamejaa, sisi tunaoshika zile mashine tunajua wapi unga unamwagika, wapi stima inapotea, ni kazi gani inafanywa mara mbili bila sababu. Lakini kila mtu amepiga hesabu yake, wazo langu likiokoa kazi ya watu watatu, hao watatu ni nani? Kijana mwenyewe hakukaa muda mrefu, watu hawakumtukana lakini hawakula naye pia. Nasikia sasa anaendesha boda Mbale.

Huko Japani wanaosifiwa, kanuni ambayo Toyota waliishikilia ni kwamba kaizen ikipunguza watu kwenye kituo, wale watu wanahamishwa kazi nyingine, na anayetakiwa kutolewa kwanza ni yule mzuri, apelekwe kwenye timu ya kuboresha sehemu zingine. Hiyo ndio nusu iliyobaki hotelini. Haiandikwi kwenye fulana.

Najua kuna atakayesema hiyo ni Japani bwana, huku watu ni wavivu, ukiwahakikishia kazi watalala. Basi twende California. General Motors walikuwa na kiwanda pale Fremont kilichokuwa na sifa mbaya, watu hawafiki kazini, wanagoma, pombe, wengine wanaharibu magari makusudi. Kikafungwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota, kikaitwa NUMMI, na wengi walioajiriwa walikuwa walewale, chama kilekile cha wafanyakazi, watu walioitwa takataka. Wakapelekwa makundi makundi Japani kuona kazi inavyofanywa, wakapewa kamba ya kuvuta, na kwenye mkataba ikaandikwa kwamba kabla ya kufukuza mtu, wakubwa watapunguziwa mishahara kwanza na kazi zilizopewa makampuni ya nje zitarudishwa ndani. Haikupita muda ubora ukakaribia ule wa viwanda vya Japani. Mwisho wa miaka ya 80 soko likayumba, magari hayaendi, na hawakufukuza mtu, waliokosa kazi kwenye laini wakapelekwa mafunzo na kwenye timu za kaizen. Kiwanda kilikuja kufungwa 2010 kwa sababu za wenye hisa, GM walikuwa wamefilisika, lakini kwa miaka yote hiyo hoja ya uvivu ilikuwa imekufa. Watu ni walewale, kilichobadilika ni wanavyoendeshwa.

Na tusiende mbali, tuna Tororo yetu. Hospitali ya Tororo ilikuwa ya kwanzakwanza hapa Uganda kufuata ule utaratibu wa kupanga sehemu ya kazi, 5S wanaita, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na wazo lilitoka Sri Lanka, hospitali ya wanawake ya Castle Street pale Colombo, iliyoonyesha kwamba mambo ya kiwanda cha magari yanaweza kuingia wodini. Kutoa visivyohitajika, kupanga vinavyohitajika, kuandika majina kwenye rafu, kila kitu na mahali pake ili nesi usiku asitafute sindano kwa tochi ya simu. Baadaye hospitali zingine zikafuata. Mimi nadhani kuna sababu ilishika pale, ingawa sijasikia mtu akiisema: nesi wa serikali ana ajira yake. Akipanga stoo ikawa kazi ya watu wawili inafanywa na mmoja, huyo wa pili hafukuzwi, anarudi kwa wagonjwa ambao hawaishi. Haogopi kuwa na akili. Sisemi hospitali zetu zimepona, rafu ikipangwa vizuri haileti dawa kama dawa hazijatoka stoo kuu ya serikali, na mshahara wa nesi unajulikana. Lakini angalieni tofauti hiyo moja.

Kitu kingine ambacho semina wanakitaja juu juu ni lile swali la kwa nini. Ohno alikuwa anawaambia watu wake waulize kwa nini mara tano, na alitoa mfano wa mashine iliyosimama kwa sababu fyuzi imekatika, akafuata nyuma mpaka akafika kwenye pampu ya mafuta isiyo na chujio, vyuma vidogo vinaingia vinaila. Ukibadilisha fyuzi tu, wiki ijayo inakatika tena. Hebu tulihamishie Kisenyi kwenye mashine za posho, kule nina marafiki. Mashine imesimama, kwa nini, fyuzi imekata. Kwa nini, mota ilikuwa inavuta mzigo mkubwa. Kwa nini, shafti inazunguka kwa taabu, beringi imekauka. Kwa nini imekauka na grisi tunatia, kwa sababu imechanganyika na unga imekuwa ugali. Kwa nini unga unaingia, kwa sababu kifuniko kilivunjika zamani pakafungwa kipande cha gunia. Dawa ni kifuniko cha bati, kazi ya asubuhi moja kwa fundi wa Katwe. Lakini utakuta mwenye mashine ameshanunua fyuzi za kutosha kujenga nyumba.

Na kwa nini haifiki huko? Kwa sababu swali la kwanza viwandani kwetu ni nani. Nani alikuwa zamu, nani aliwasha, kateni mshahara wake. Ukishauliza nani, basi, ukweli umekimbia, kila mtu anajua alikuwa chooni. Ningekuwa mimi ndiye naandaa semina ningekataza hilo swali kwa mwaka mzima, faini ilipwe na mkubwa atakayelitamka. Ohno huyohuyo alikuwa na tabia ya kuchora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha injinia ndani yake masaa, aangalie kazi mpaka aone kitu. Wa kwetu wanaangalia kwenye CCTV, ofisini, eisii inawaka, na wanachotafuta ni nani amekaa chini.

Nisije nikaonekana nimelewa Ujapani. Kaizen ina upande wake mchafu na wao wenyewe wameulipia. Yale makundi ya wafanyakazi kukutana kujadili ubora, yaliyoanza Japani mwaka 1962 chini ya watu kama Kaoru Ishikawa, kwa miaka mingi sehemu kubwa yalifanyika baada ya saa za kazi yakihesabiwa ni ya kujitolea. Mwaka 2002 mfanyakazi mmoja wa Toyota wa miaka 30 alianguka kazini alfajiri akafa, mwezi wa mwisho alikuwa amefanya zaidi ya saa 100 za ziada. Mke wake akaenda mahakamani, na mwaka 2007 mahakama ya Nagoya ikaamua kwamba aliuawa na kazi nyingi na kwamba hiyo mikutano ya ubora nayo ilikuwa kazi, si hiari. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kulipia muda wote wa mikutano hiyo. Kwa hiyo mabosi wetu wanaotuita dakika thelathini kabla ya shifti kwa ajili ya kikao cha kaizen bila senti moja, wanaiga kitu ambacho wenyewe mahakama yao ilishakikataa. Na Daihatsu, kampuni iliyo chini ya Toyota, mwaka 2023 iligundulika kwamba vipimo vya usalama vilikuwa vinachakachuliwa miaka mingi, moja ya sababu zilizotajwa ilikuwa presha ya ratiba, watu chini hawawezi kusema hatutamaliza. Yaani kamba ya kuvuta ilikuwepo kwa jina tu. Hata kwao ikikosa ile nusu ya pili inaoza.

Sasa turudi Uganda tuongee sente. Kima cha chini cha mshahara kisheria bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984, leo hiyo ni hela ya rolex chache, zile chapati za mayai. Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kutia saini. Watu wengi kwenye laini ni wa lejaleja, mwaka wa tatu wa nne bado wa lejaleja, kila siku getini unaomba uchaguliwe. Huyu ndiye unamwambia afikirie jinsi ya kuboresha kampuni ya kesho, na kesho yenyewe hana uhakika kama ataingia? Ethiopia walipoamua kulibeba hili jambo kitaifa, Meles Zenawi, waziri mkuu wao wa wakati huo, aliwaomba Wajapani mwenyewe baada ya TICAD ya 2008, ule mkutano wa Japani na Afrika, wakajaribu kwenye viwanda 30, na 2011 wakaunda taasisi ya serikali ya kaizen. Nao mishahara yao ya viwandani ni midogo na imelalamikiwa sana, sisemi ni peponi. Lakini angalau jambo lina mwenyewe, kuna ofisi unaweza kuiuliza. Hapa kwetu semina inakuja na mfadhili inaondoka na mfadhili.

Kwa wafanyabiashara wadogo sina maneno mengi, maana kule kaizen inatembea yenyewe. Mshonaji wa soko la Owino akisogeza meza ya kupigia pasi karibu na cherehani, faida ni yake jioni ileile. Hana wa kumfukuza zaidi ya uchovu.

Alafu kuna la lugha. Karatasi zote zilizobandikwa ukutani kwetu ni Kiingereza. Kwenye laini kuna Mwacholi, Msoga, Mkongo, Mnubi wa Bombo, supavaiza katoka India, na tunachoelewana nacho ni Kiswahili hikihiki cha kuvunjavunja na Luganda kidogo. Baraza la Mawaziri Julai 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi, sasa kianzie hapo ukutani basi. Watanzania kwenye hospitali zao walishafanya hiyo kazi ya kuitafsiri 5S, wanasema sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, hata mfagiaji anaimba. Kuazima Dar ni rahisi kuliko Nagoya.

Na kwenye hizo semina mualikeni na mtu wa laini. Mmoja tu, mumlipe siku yake, mumpe kiti na maji yale ya chupa. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi sijawahi kuona picha ya semina ya kaizen kwenye gazeti lako yenye mtu aliyevaa ovaroli.

Kwako Mhariri nina ombi. Waandishi wako wakienda tena hotelini, wakati wa maswali wawaulize wenye viwanda mambo manne kisha wachapishe majibu pamoja na majina ya viwanda. Wazo la mfanyakazi likipunguza kazi ya watu, hao watu wanapelekwa wapi na imeandikwa wapi. Muda wa vikao vya kaizen unalipwa au haulipwi. Nani chini ya supavaiza ana ruhusa ya kusimamisha laini, na mara ya mwisho aliposimamisha alifanywa nini. Na lile sanduku la maoni, ufunguo anao nani.

Ni mimi,
Fundi wa mitambo,
Mukono.